Jaribio la Nne

Simu mpya ilikuwa imelazwa juu ya meza ya cherehani, imefunikwa kitambaa cheupe, na watu watatu walikuwa wameizunguka kimya kama wanaomwangalia mgonjwa ambaye daktari ameagiza asisumbuliwe. Inspekta alivua viatu mlangoni, akaingia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mkwe wangu. Kaa. Hapana, si hapo. Hapo ni pa Fundi.”

Inspekta akakiacha kiti cha Fundi, akavuta kigoda.

Kazini walimwita Kobe. Alikuwa kitengo cha utapeli wa simu, na jalada likishafika mezani kwake halikuondoka mpaka alisome mbele na nyuma, alinuse, kisha arudi kulisoma tena. Matapeli walimcheka mpaka siku alipowagongea mlango. Jina lilimfuata hadi nyumbani, na mchana huo mkewe alikuwa amelitumia bila huruma: Kobe, njoo kwa mama, njoo sasa hivi, hayo majalada yako hayana miguu.

“Nani aliyeifunika?” aliuliza.

“Mimi,” mama mkwe alisema. “Isije ikaguswa tena na watu wenye haraka.”

Watu wenye haraka walikuwa wawili, na wote wakatazama sakafu. Mmoja alikuwa mke wa Kobe, muuguzi, ambaye hata sare alikuwa hajavua. Wa pili alikuwa mdogo wake huyo mke, mwalimu wa hesabu, ambaye Kobe hakuwahi kumwona akikosa jibu tangu amwoe dada yake. Leo alikuwa amelikosa, na kukosa huko kulimkaa vibaya usoni.

Kobe akakifunua kitambaa, akagusa kioo. Kikawaka, maneno yakatokea: Namba ya siri si sahihi. Umebakiwa na jaribio moja. Ukikosea tena, nakala yako haitafunguka kamwe.

“Nianzieni mwanzo,” alisema. “Mmoja mmoja, na asirukiwe mtu.”

Mwanzo ulikuwa ndoo. Mama mkwe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo kwa sababu mumewe alishona nguo na yeye akashona vifungo, alikuwa akifua. Simu yake ya zamani ikachoropoka mfukoni mwa aproni, ikazama kwenye maji ya sabuni. Walipoitoa ilikuwa imekufa, haina hata dalili. Watoto wakachanga, wakamnunulia mpya yenye kioo kikubwa kwa ajili ya macho yake. Mama akashukuru, akawabariki, kisha akauliza swali moja tu: sauti ya Fundi imo?

Hapo ndipo kesi ilipoanzia. Fundi alikuwa amefariki mwaka uliopita, na mzee yule alikuwa na vituko vyake. Alishonea katika chumba hiki cha mbele, mkewe yuko jikoni nyuma, ukuta mmoja tu kati yao, na bado hakumwita kwa mdomo kama binadamu wengine. Alirekodi sauti, akamtumia kwenye simu. Mama watoto, chai. Mama watoto, umeuona mkasi mdogo? Mama watoto, huyu mteja ana tumbo mbele na nyuma, njoo uone mwenyewe. Aliongea huku ana pini midomoni, maneno yakitoka yamebanwa, na cherehani ikinguruma chini yake. Sauti kama hizo zilikuwa tele. Mama Vifungo alizisikiliza kila asubuhi akibandika chai, na tangu ile ndoo chai ilikuwa ikichemka kimya.

“Hazijapotea,” mwalimu alisema. “Ile programu ya kutumiana ujumbe huhifadhi nakala huko mtandaoni. Tulipoiweka kwenye simu mpya, imeikuta nakala yote. Inataka namba ya siri tu. Tarakimu sita.”

“Wenye programu hawawezi kuifungua?”

“Nimewaandikia. Wanasema hata wao hawana ufunguo.”

“Na kufuli aliliweka nani?”

“Baba, nani mwingine?” mkewe akadakia. “Mtu aliyefunga duka kwa makufuli mawili akienda kununua uzi.”

Kobe akamgeukia mama mkwe. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, shati la mtu mapajani, sindano mkononi. Alivaa gauni la bluu, la mwisho aliloshonewa na Fundi, na lilikuwa likimpwaya mabegani.

“Mama, hakukuambia ni namba gani?”

“Alikataa kuitamka. Alisema namba ya siri ikishatamkwa si ya siri tena. Programu ikiiuliza, alikuwa anachukua simu anaijaza mwenyewe. Nikamwambia, sasa siku usipokuwepo? Akasema, hutaisahau, unatembea nayo.”

“Unatembea nayo.”

“Ndivyo alivyosema. Halafu akacheka peke yake mpaka pini zikamdondoka.”

Kobe akatazama chumba. Kila kitu kilikuwa kama Fundi alivyokiacha: mkasi mkubwa juu ya msumari, chaki kwenye kisahani, daftari la vipimo vya wateja chini ya pasi, na lile kopo la biskuti lililotunza futi yake ya kupimia. Kopo lilikuwa wazi. Futi ilikuwa imeviringishwa duara, namba kubwa za mwisho zikichungulia nje. Kobe akaitazama kwa muda.

“Majaribio yalikuwa matano,” alisema. “Nataka kila aliyetumia lake aseme aliingiza nini. Sitaki kumlaumu mtu. Nataka kujua mlango upi umeshagongwa.”

“Mimi niliingiza siku aliyozaliwa mama,” mkewe akasema. “Nilifikiri, kila mtu anatembea na siku yake.”

“Mimi niliingiza tarehe ya ndoa yao,” mwalimu akasema. “Pete iko kidoleni, kwa hiyo anatembea nayo. Kimantiki ilikuwa sawa.”

“Ilifungua?”

“Haikufungua.”

“Endelea.”

“La tatu ni la yule muuza simu. Tulikuwa dukani kwake, sisi wote, akabonyeza kabla hatujamshika mkono.”

“La nne?”

Cherehani yenyewe ingekuwa na mdomo ingekohoa.

“Hapo ndipo tulipokwama, shemeji,” mwalimu akasema. “Jana jioni yalibaki mawili, niliona kwa macho yangu. Leo nimekuja nimekuta moja. Mimi nilikuwa darasani. Dada alikuwa wodini.”

Kobe akamtazama mama mkwe. Mama mkwe alikuwa akitafuta tundu la sindano.

“Mimi na mitambo hii,” alisema bila kuinua macho, “najua nini?”

“Ikishalala, hii simu inafunguliwa vipi?”

“Sifuri nne,” mkewe akasema. “Muuzaji aliiwekea hivyo.”

Kobe akafumba macho kidogo. Kila wiki alikuwa akiwaambia watu wasiweke sifuri nne, kwenye mikutano, kwenye redio, sokoni, na leo sifuri nne zilikuwa zimelala nyumbani kwa mama mkwe wake.

“Kuna mtu mwingine aliyeigusa leo? Au aliyepiga?”

Hapo Mama Vifungo akachangamka. “Wapo. Kwanza kuna mwanaume alipiga asubuhi, sauti tamu kama ya mchumba. Akasema yuko makao makuu ya simu. Mama, tumeona una tatizo, tutakurudishia vitu vyako vyote, utaingiwa na meseji yenye namba, nisomee tu hiyo namba.”

Mkewe akashika kichwa. “Mama. Ukamsomea?”

“Nilimwambia asubiri nichukue miwani.”

“Halafu?”

“Halafu nikaenda kuanika nguo. Kwani nani aliyemwambia kwamba nina tatizo? Mimi sijamwambia. Nilirudi nikakuta bado anasubiri, anaita mama, mama, nikaenda kumalizia soksi.”

Kobe alitaka kumpigia saluti. Badala yake akaichukua simu, akafanya kazi yake. Akakuta ile meseji yenye namba haijafunguliwa. Akaingia kwenye mipangilio ya programu, akatafuta vifaa vilivyounganishwa na akaunti, akakuta kimoja tu, hiki hiki kilichokuwa mkononi mwake. Namba ya yule mwenye sauti tamu ilikuwa ikimngojea ofisini katika majalada mengine. Akaizuia, akaituma kitengoni kwa kijana wa zamu, pamoja na saa aliyopiga.

“Huyu hakuingia,” alisema. “Bila ile namba asingeweza, na mama hakumpa. Mwingine ni nani?”

“Yule muuza simu,” mama mkwe akasema upesi. “Alikuja asubuhi kuleta kava. Aliishika simu, akaigeuza, akaifuta. Mtu huyo ana vidole vyepesi.”

Mkewe na mwalimu wakatazamana. Washaelewana: huyo ndiye. Kobe akavaa viatu. Kazi yake ilimfundisha kwamba shahidi anayegawa washukiwa kwa ukarimu namna hiyo anataka wewe utoke ndani ya nyumba. Lakini alikuwa mkwe, na mkwe akitumwa huenda.

*

Duka la simu lilikuwa uchochoro wa pili, upana wa kitanda, kuta zake zimejaa kava na waya. Muuzaji alikuwa mwanaume wa makamo mwenye tochi ndogo kwenye paji la uso. Alipoona kitambulisho, alizima tochi.

“Afande, kama ni habari ya ile simu ya Mama Vifungo, mimi nilijaribu mara moja tu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Wateja wengi huweka hiyo.”

“Na wewe wateja wote unawawekea sifuri nne.”

“Ili wakisahau warudi kwangu niwasaidie.”

“Na mwizi akiiba?”

Muuzaji akafikiri. Ilionekana wazi kwamba hajawahi kufikiri hivyo. “Mwizi naye anaijua,” alikiri.

“Mtaa mzima unaijua. Kuanzia leo mteja anaweka namba yake mwenyewe, wewe umempa mgongo. Tumeelewana?”

“Tumeelewana, afande.”

“Leo asubuhi ulikwenda kwake.”

“Kupeleka kava. Niliahidi kumpa bure.”

“Ukaishika simu.”

“Nilishika mgongo wa simu. Kioo sikukigusa, nakuapia. Hata ningetaka ningewezaje? Mama yule alikaa mbele yangu pua na pua, hakupepesa jicho. Nimemaliza, naaga, ndipo akaniuliza jambo.”

“Jambo gani?”

“Aliniuliza, mtu akikosea ile namba, simu inapiga kelele au inanyamaza? Nikamwambia inanyamaza, inaandika tu. Akauliza, na ikishakosewa, kuna anayeweza kujua nani amekosea? Nikasema hakuna. Akanipa chungwa, nikaondoka.”

Kobe akarudisha kitambulisho mfukoni. Aliingia mle dukani akiwa na mshukiwa, sasa anatoka na shahidi, na shahidi mzuri kuliko wengi aliowahi kuwapandisha kizimbani.

“Chungwa lilikuwa tamu?”

“Sana, afande.”

Akatembea kurudi taratibu. Alipita kwa muuza mkaa, kwa kinyozi, kwenye ukuta uliopakwa rangi nusu. Aliwaza juu ya futi ndani ya kopo, na juu ya gauni la bluu linalopwaya. Aliona pia aibu mapema, kwa sababu maswali yaliyobaki hayakuwa ya mkwe kumwuliza mama mkwe, hata katika nyumba yenye utani kama ile.

*

Aliwakuta wakibishana kama siku ya ubatizo wa mama ingefaa kwa jaribio la tano.

“Hakuna anayegusa,” Kobe alisema. “Nyinyi wawili nendeni jikoni mkaoshe vyombo.”

“Vyombo ni visafi,” mwalimu akasema.

“Vioshe tena.”

Mkewe akamtazama, akaona ule uso anaouvaa akiwa karibu na mwisho wa jalada. Akamvuta mdogo wake mkono, wakaenda. Kobe akauacha mlango wazi, akarudi kwenye kigoda.

“Mama, kuna swali ambalo mkwe hawezi kumwuliza mama mkwe wake.”

“Basi usiniulize.”

“Sitakuuliza wewe. Nitaiuliza futi.”

Akaitoa kwenye kopo, akaiweka mezani kati yao. Sindano ya Mama Vifungo ilisimama hewani.

“Fundi alinipima suti ya harusi hapa hapa,” Kobe alisema. “Akanipa futi niiviringishe, nikaiviringisha vibaya, akanipiga kofi la mkononi. Alisema futi unaanza kuikunja kutoka mwisho wake, ili mwanzo ubaki nje. Mteja akiingia, unashika mwanzo, unapima, hakuna kupapasa. Alisema hajawahi kukosea hilo hata siku anaumwa. Hii hapa mwanzo wake uko ndani. Mtu ameitumia karibuni, akaikunja kwa haraka, na mtu huyo si fundi. Chumbani humu unafanya kazi wewe peke yako, mama. Na vifungo havihitaji futi.”

Mama Vifungo akachoma sindano kwenye shati.

“Halafu muuza simu anasema ulimwuliza kama simu hupiga kelele ikikosewa.”

“Yule naye,” mama mkwe akasema. “Na chungwa langu nimempa.”

“La nne ni lako.”

“Ni langu.” Aliliweka shati pembeni, akakunja mikono. “Nilikaa nikafikiri. Unatembea nayo. Hawa watoto wanahangaika na tarehe, tarehe, lakini mimi namjua baba yao, mtu yule alisahau mpaka mwaka aliozaliwa. Kichwa chake kilijaa vipimo. Sasa mke wa fundi anatembea na nini kama si vipimo vyake? Nikafunga mlango, nikajipima. Kifua, kiuno... Basi, hayo mengine wewe ni mkwe.”

“Nakomea hapo hapo, mama.”

“Zikawa tarakimu sita kamili. Moyo ukanienda mbio kama msichana. Nikaingiza. Ikakataa.”

Alipoendelea, sauti yake ilikuwa imeshuka.

“Nitakuambia kilichoniuma, kwa sababu hao watoto siwezi kuwaambia. Sauti yake naitaka, naitaka mno. Lakini lililoniuma ni jingine. Yule mtu alinipima mara moja tu, nikiwa msichana, nilipompelekea kitambaa cha kwanza. Baada ya hapo hajawahi kuniwekea futi mwilini. Ananitazama nikipita na sufuria, anakata, na gauni linakaa. Nilikuwa najivuna kwa wanawake wenzangu. Nilisema, huyu ananijua. Sasa namba yangu imekataa. Kama hiyo si mimi, basi ni namba ya nani?”

Kobe alimpenda sana mama huyu, aliyempokea siku ya kwanza bila kuuliza mshahara wake, na hakutaka kumpa faraja ya uongo. Akarudi kwenye ushahidi.

“Hilo gauni ulilovaa, alikushonea lini?”

“Kabla hajalala kitandani.”

“Lilikukaa?”

“Kama limemwagwa.”

“Na leo?”

Mama Vifungo akajitazama. Akashika kitambaa cha begani, akakivuta, kikaja mkononi kingi kuliko alivyotegemea.

“Linapwaya,” alisema, kama ndiyo kwanza analiona.

“Umepungua, mama. Binti yako ananiambia kila siku, mama hali chakula. Ulichokipima leo asubuhi ni mwili wa baada ya msiba. Fundi hakuwahi kuuona. Asingeweza kufungia simu kwa vipimo vya mtu ambaye hakumkuta.”

Hilo likamwingia. Alitikisa kichwa polepole. “Basi aliweka vya wakati ule, nilipokuwa na nyama. Hivyo nitavitoa wapi? Hata kwenye daftari lake simo. Mtaa mzima umo, mimi simo. Nimelipekua lote.”

“Sidhani kama aliweka hivyo pia. Mtu wa makufuli mawili hachagui ufunguo unaobadilika kila mwenye nyumba akila vizuri.”

Mama Vifungo alikaribia kucheka, akajizuia.

“Alikuwa anataka namba usiyoweza kuisahau,” Kobe akaendelea. “Sasa niambie hili tu. Gauni likiisha, ukimwuliza amekata kwa vipimo gani, alikuwa anakujibu nini?”

Kule jikoni maji yalimwagika, sahani ikagonga sahani. Mama Vifungo aliweka kiganja mdomoni. Kikakaa hapo.

“Vilevile,” alisema kupitia vidole.

“Vilevile kama vya lini?”

“Vya siku ile. Ya kitambaa.” Mkono ukashuka. “Mbele ya wateja, bila haya. Mama watoto hajaongezeka hata uzi. Na anavitaja kwa sauti, kifua hiki, kiuno hiki, mpaka nakimbilia jikoni. Mimi nimezaa wawili, nimepanuka pande zote, naye anaachia mshono kimyakimya na kusema vilevile. Nilijua anadanganya. Naye alijua kwamba najua. Hatukuwahi kulizungumza.”

“Basi alizijua namba zote mbili,” Kobe alisema. “Ya kweli aliiweka kwenye nguo. Hiyo nyingine aliiweka mahali pengine.”

“Na kama umekosea?”

“Nikikosea, sauti zimekwenda moja kwa moja, na nitakuwa nimekukosesha mimi.”

“Una uhakika?”

“Mahakamani ningesema ushahidi hautoshi.”

“Na hapa?”

“Hapa namjua mtuhumiwa.”

Mama Vifungo akavaa miwani. Akaivuta simu, akaiweka mapajani juu ya gauni la bluu. “Zile za siku ya kwanza ninazo,” alisema. “Nimeimbiwa maisha yangu yote.”

“Usinitajie.”

“Wewe ni polisi.”

“Hata polisi. Hata mkwe, hata binti yako. Anayekuomba hiyo namba, yeyote yule, mwambie asubiri uchukue miwani. Na tukimaliza hapa, zile sifuri nne tunazitoa, unaweka namba yako mwenyewe.” Akanyanyuka, akageukia ukuta, akasimama ameukabili mkasi mkubwa wa Fundi. “Ingiza taratibu. Simu haina haraka.”

Akasikia pumzi yake. Akasikia kidole kikigusa kioo, kikingoja, kikigusa tena. Katikati kidole kilisimama muda mrefu, na Kobe akafikiri amesahau au ameogopa. Kisha kikaendelea. Alipogusa mara ya mwisho hapakuwa na sauti yoyote, kama muuza simu alivyosema, na Kobe hakuthubutu kuuliza.

“Kuna kiduara kinazunguka,” mama mkwe alisema.

“Kiache kizunguke.”

“Kinazunguka bado. Sasa kimeacha. Kuna maneno. Nasoma. Inarejesha... inarejesha ujumbe wako.” Hakuendelea kusoma. Simu ikalia kidogo, ikalia tena, kisha ikaanza kulia mfululizo, meseji zikiingia moja juu ya nyingine.

Kobe akaweka paji la uso ukutani. Nyuma yake Mama Vifungo alibonyeza ya chini kabisa, ya mwisho.

Kwanza ilikuja cherehani, ikinguruma humu humu chumbani ambamo ilikuwa kimya tangu mwaka jana. Ikasimama. Halafu sauti ya mzee, imebanwa na pini.

“Mama watoto. Gauni la bluu liko tayari, njoo ujaribu. Na usiniulize nimekata kwa vipimo gani. Vilevile.”

Jikoni vyombo vikanyamaza vyote kwa pamoja.

“Mwongo,” Mama Vifungo akaiambia simu. Alikuwa analia, na alikuwa anacheka, na hakuficha lolote kati ya hayo. “Mwongo mkubwa wewe.”

Akabonyeza tena. Kobe alikuwa bado ameukabili ukuta. Hakuna aliyekumbuka kumwambia ageuke, naye hakuwakumbusha.